Ajali ndogo, fakture kubwa: wakati asiransi inakuacha peke yako mbele ya madai ya uongo

Wiki mbili nyuma ya kugusana kidogo na moto ku rompwe, mwenye gari anapata simu. Sauti haijulikane. Inamwambia kama mugonjwa anazidi, kama mufupa wa muguu umevunjika fasi mbili, kama abiria mwanamuke naye aliumia mugongo, na kama familia inaomba dola 1 800 "mbele mambo haijaenda mbali". Mwenye gari anakumbuka vizuri siku ile. Motari alisimama mwenyewe, akapanguta suruali, akaomba feza ya kioo ya kuangalia nyuma, wakasalimiana na wakaachana. Abiria hakukuwa.

Mfano huu haumuelekei mutu fulani wa muji fulani. Ni namna mambo inaanzaka. Lakini mwenye kuendesha gari Butembo, Beni, Bunia ao Kalemie hatahitaji kuelezwa mara mbili. Kinachofuata pia kinajulikana. Mwenye gari anachukua karatasi yake ya asiransi na kwenda ku ajensi. Pale wanamwambia: leta PV ya polisi. Ku polisi wanamwambia: PV haiko, juu siku ile muliachana kindugu. Anarudia ku ajensi. Mukubwa wa ajensi amesafiri, ao iko mu mukutano, ao anangojea jibu la Kinshasa. Na upande ule mwingine, familia ya "mugonjwa" inaita kila asubui.

Pale ndipo wengi wanalipa. Si juu wana kosa, ni juu wanaogopa. Kuna woga wa polisi, kuna woga wa vijana wa parking wenye kujua gari na plaki yake, na kuna hesabu ya kawaida ya mufanyabiashara: siku tatu za kuzunguka mu ofisi zinaweza kupita bei ya kile kinachoombwa. Mwenye kuleta madai ya uongo anajua hesabu ile kupita mwenye gari. Anaomba nyingi ili upunguze, na ukishapunguza unajisikia sawa vile umeshinda. Kumbe haukukuwa na deni hata la franga moja.

Karatasi ya kuonyesha rulaje

Mu Kongo, kila gari yenye kutembea barabarani inapaswa kuwa na asiransi ya kulipia wengine hasara. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 njo iliweka lazima hiyo. Kwa miaka mingi tangu 1966, kampuni moja tu ya Serkali, SONAS, ilikuwa na ruhusa ya kuuza asiransi. Kode ya asiransi, sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zilianza kupata ruhusa ya kufanya kazi. Kode hiyo pia ilileta ARCA, mamlaka yenye kusimamia na kuchunguza kampuni zote za asiransi, yenye makao Kinshasa.

Kwa mwenye gari wa Mashariki, mabadiliko haya yalileta majina mapya ku vioo vya magari, lakini mazoea hayakubadilika sana. Watu wengi wanalipa asiransi ili rulaje isiwasimamishe ku bariere, si ili iwasaidie siku ya ajali. Kontra yenyewe, zile kurasa zenye maandiko madogo, wachache wanaiomba. Wengine wako na sertifika tu. Shida inaanzia pale, mbele hata ya ajali. Ndani ya kontra ndiko kumeandikwa siku ngapi mutu iko nazo za kutangaza ajali, na mara nyingi ni siku chache tu za kazi. Na katika kontra nyingi kuna neno ambalo mashofere hawalijui: usikubali kosa, usipatane na upande ule mwingine bila asiransi kujua. Kwa hiyo mwenye kutoa feza "kindugu" kando ya barabara anaweza kuwa amefunga mulango wa asiransi kwa mukono wake mwenyewe.

Lakini kimya cha ajensi hakimaanishe kama kontra imekufa. Kampuni iliyochukua prime ina lazima ya kujibu, hata kama simu yake haijibiwe. Mambo iko tofauti kama prime haikulipwa ao tarehe ya sertifika ilipita: pale mwenye gari iko peke yake kweli, na heri ajue mapema kuliko kujulia mbele ya juje.

Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu kuna uzito mwingine. Tangu miji hiyo iingie mikononi mwa AFC/M23, Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango na ofisi nyingi hazikuendelea kufanya kazi sawa zamani. Mutu hawezi kuketi anangojea ajensi ifunguliwe wakati siku zilizoandikwa ndani ya kontra zinapita. Barua ya kutangaza ajali inaweza kwenda kwa imeli moja kwa moja ku makao makuu ya kampuni. Imeli iko na tarehe na saa, na hiyo nayo ni ushahidi.

Nani analeta ushahidi?

Wengi wanasimama mbele ya madai sawa vile wao njo wanapaswa kuonyesha kama hawana kosa. Sheria inasema kinyume. Kode sivile ya Kongo, kitabu cha tatu, inasema ku kifungu 258 kwamba mwenye kuletea mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuitengeneza. Kosa, hasara, na kamba yenye kuunganisha hizo mbili: kama moja haiko, deni haiko. Kifungu 197 nacho kinaweka muzigo ku mabega ya mwenye kudai. Yeye njo analeta ushahidi. Simu kumi za hasira haziko ushahidi. Fakture ya hopitali, peke yake, inaonyesha tu kama mutu fulani alitunzwa; haionyeshe ni gari ya nani ilimuumiza, wala siku gani.

Njo maana madai ya uongo hayapendi kwenda mbele ya juje wa mambo ya sivile. Yanapita ku polisi. Kule jina linabadilika: si hasara tena, ni kuumiza mutu bila kukusudia, na hilo ni kosa ndani ya kode penale. OPJ anamwita mwenye gari, anamwambia aketi, saa zinapita. Kisha karatasi ya angajema inatokea juu ya meza: "Mimi fulani, ninakubali kulipa..." Mwenye gari anasaini ili arudi nyumbani. Kesho yake karatasi ile iko na nguvu kupita fakture zote, juu sasa kuna kukiri kwa maandiko, kwa mukono wake.

Katiba iko wazi hapa. Kifungu 18 kinasema kama kuzuiliwa ku polisi hakuwezi kupita saa 48. Nyuma ya hapo mutu anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu 19 kinampa kila mutu haki ya kusaidiwa na mutetezi wa kuchagua mwenyewe, tangu ku uchunguzi wa polisi. Na OPJ, hata awe mutu wa heshima namna gani, haiko juje: anakusanya maneno na ushahidi, hakati bei ya muguu wa mutu. Mwenye gari anaweza kusema maneno yake yote, kuomba yaandikwe, kuyasoma mbele ya kusaini, na kukataa kusaini angajema ya kulipa. Kukataa haiko kosa.

Ni rahisi kusema hivyo kwa mwenye kuketi nyumbani. Mbele ya mulango wa kasho, saa mbili ya usiku, inakuwa hadisi ingine. Wenye kuzoea mambo hayo wanaendaka na avoka. Na kama avoka ni bei, wanaenda na mukubwa wa mutaa ao mutu wa shirika la kiraia mwenye kusoma Kifaransa vizuri. Juu PV inaandikwa mu Kifaransa, na watu wengi wanasaini neno ambalo hawakulisema.

Kuvunjika kwa leo na kuvunjika kwa zamani

Madai ya uongo yanategemea kitu kimoja: kwamba siku ya ajali hakuna aliyeandika kitu. Dakika kumi za kwanza zinasaidia kupita mwezi muzima wa kuzunguka. Heri gari isisogezwe mbele ya kupiga foto, isipokuwa kama hasira ya watu inapanda. Pale uzima unapita foto: shofere anaondoka na kwenda moja kwa moja ku polisi ya karibu kujitangaza, juu kukimbia na kunyamaza kunageuka kosa ingine, na hilo halina mutetezi.

Foto ya mbali inaonyesha barabara na kitu chenye kujulikana: kanisa, stesheni ya mafuta, bango la duka. Foto za karibu zinaonyesha fasi zilizogusana, upande wa gari na upande wa moto, na plaki zote mbili. Foto zibaki ndani ya telefone iliyozipiga. Zikitumwa kwa WhatsApp sawa picha za kawaida, zinapunguzwa, na ile tarehe na saa yenye kujificha ndani ya foto inapotea. Mwenye kufuta za kwanza juu "ziko kwa WhatsApp" amejipunguzia nguvu.

Kisha kuna kusoma chuma. Fundi wa karosri mwenye uzoefu anaweza kuonyesha mambo ambayo mashahidi watano hawaoni. Chuma iliyokatika leo inang'aa fasi ya kukatika; ile ya mwezi uliopita iko na kutu, ao vumbi iliyoshikana na mafuta. Plastike iliyovunjika zamani iko na uchafu ndani ya mupasuko, na ile ya leo iko safi. Rangi nayo inahama kutoka chombo kimoja hadi kingine: kama gari ni nyeupe na moto iko na mustari wa buluu uliokwaruzwa juu yake, ile buluu ilitoka pengine. Urefu unapimwa kwa metre, kutoka udongo hadi alama. Volani ya moto na pareshoke ya gari ndogo haziko urefu moja, na mwenye kudai kama hizo mbili zilikutana anapaswa kueleza namna gani.

Upande pia unasema. Kama gari na moto vilikuwa vinaenda njia moja, na alama ya gari iko ku ubavu wa kuume, basi gari iligusa ubavu wa kushoto wa moto. Mutu akileta muguu wa kuume uliovunjika, haimaanishe moja kwa moja kama anadanganya. Aliweza kuangukia upande ule. Lakini aeleze, na maelezo yake ya leo yafanane na yale aliyosema siku ya kwanza. Madai ya uongo yanavunjikiaka hapo, juu siku ya kwanza hayakukuwa bado yametungwa.

Jambo moja la Mashariki linastahili kuangaliwa. Magari mengi yanakuja yakiwa na volani ya upande wa kuume, na mu Kongo watu wanaendesha upande wa kuume wa barabara. Shofere anaketi upande wa mutaro; akitaka kupita kamio, upande wa kushoto hauone vizuri mbele ya kutoka. Kila motari anajua hivyo, na OPJ pia. Ni bure kukana. Inafaa kueleza mwendo, taa iliyowashwa, honi iliyopigwa, fasi gari ilisimama.

Kwa mashahidi, mama mwenye kuuza nyanya fasi ile, mulinzi wa depo, mwanafunzi aliyekuwa anapita, hao wana uzito kupita rafiki aliyeketi ndani ya gari. Jina na namba ya simu zinachukuliwa siku ile ile. Nyuma ya wiki mbili mama wa nyanya amehamia soko ingine. Kamera za maduka na stesheni nazo zinafutaka zenyewe picha za zamani, na mwenye kwenda kuomba nyuma ya mwezi anakuta hakuna kitu.

Na hata kama watu wameachana kindugu, shofere apite ku polisi mbele jua halijazama, atangaze: nimegusana na moto yenye plaki hii, fasi hii, saa hii, alikuwa peke yake, alisimama na kutembea. Sentensi hiyo fupi, yenye tarehe na kashe, ndiyo inamzuia abiria wa hewa, yule anayezaliwa wiki mbili nyuma ya ajali. Ku polisi wataomba kidogo feza ya karatasi. Hata hivyo iko chini sana ya dola 1 800. Kopi moja inaenda ku ajensi, na kopi ya mwenye gari inapigwa kashe ya kupokea. Kama ajensi inakataa kupiga kashe, uisie (yule mwenye kupeleka barua za tribunali) anaweza kuipeleka, na karatasi yake inasema siku na saa aliyoiacha.

Mugonjwa, munganga na rejista

Madai mengi yanasimama ao kuanguka ndani ya hopitali. Mutu aliyeumia jioni ya Jumanne anaandikwa ndani ya rejista jioni ya Jumanne, ao kesho yake. Akionekana kwa mara ya kwanza siku ya kumi na mbili, ku posti ya santé upande wa pili wa muji, na karatasi yenye kusema "ajali ya barabara", kuna swali la kuuliza. Si lazima iwe uongo: kuna watu wanaanzia kwa muganga wa kienyeji, kuna wasiokuwa na feza ya fishe. Lakini swali lipo.

Mwenye gari hana haki ya kwenda kufungua rejista ya hopitali; siri ya mugonjwa inalindwa. Anaweza kuomba, kwa maandishi, OPJ ao parke watoe rekizisyo kwa munganga wa hopitali ya Serkali ili aangalie kidonda, aseme kina umri gani, na kama kinaweza kutoka ku ajali iliyoelezwa. Mufupa ulioanza kuungana unaonekana ku radio. Mwenye madai ya kweli hana sababu ya kukimbia munganga huyo. Yule wa uongo anaanza mara moja kuomba mambo iishe kimya.

Kama karatasi zenyewe ziko za kutungwa, mambo inageuka. Kode penale inaadhibu maandiko ya uongo ku kifungu 124 na matumizi yake ku kifungu 126, na udanganyifu wa kula feza ya mwingine ku kifungu 98. Adhabu inaweza kufika miaka mitano ya kifungo. Mwenye gari anaweza kupeleka plainte ku parke. Lakini asikimbilie. Plainte bila ushahidi inaweza kumgeukia, juu kifungu 76 kinaadhibu pia mwenye kushitaki mutu kwa uongo. Munganga mumoja anayesema "hii sahihi haiko yangu" anafaa kupita kelele yote ya mutaa.

Kuivuta asiransi ndani ya kesi

Tuseme madai yamefika ku tribunali. Mwenye gari amepata sitasio, na kampuni yake bado imenyamaza. Wengi wanafikiri hapo kuna njia mbili tu: kulipa ao kujitetea peke yao. Iko ya tatu. Avoka anaweza kuomba kampuni ya asiransi iitwe ndani ya kesi ile ile, ili kama juje anakata kama kuna kitu cha kulipa, hukumu iikute kampuni pia. Barua zilizopigwa kashe, imeli, karatasi ya uisie, zote zinafanya kazi siku hiyo. Bila hizo, mutu wa kampuni atasimama aseme hawakuambiwa, na juje atamwuliza mwenye gari: ulitangaza lini?

Mbele ya kufika pale, barua ya mwisho ya kuamuru kampuni ijibu katika siku fulani inafaa kuandikwa, kopi kwa ARCA. Kulinda wenye asiransi na wenye kuumia ni ndani ya kazi ya ARCA, na kampuni inafanya kazi kwa ruhusa inayotoka kule. ARCA iko mbali na barabara ya Beni–Kasindi, ndiyo. Haitakuja kupima pareshoke. Lakini dosiye yenye tarehe, namba ya kontra na kopi za barua inasomeka Kinshasa vilevile inavyosomeka Butembo, na kampuni yenyewe inajua kama ilisomwa.

Kuna kampuni zinazofanya kinyume: hazinyamazi, zinakimbilia kulipa madai madogo ili dosiye ifungwe, hata kama mwenye gari anasema ni uongo. Mara nyingi kontra inawapa ruhusa hiyo. Mwenye gari anaweza kuandika kama anapinga, na kwa nini, na kuomba foto na maelezo yake viwekwe ndani ya dosiye. Faida ya barua hiyo inaonekana mwaka unaofuata, wakati wa kujadili prime.

Je, inaweza kufaa kupatana? Mara ingine, ndiyo. Kama kinachoombwa ni kioo na feza ya dawa, na kesi itakula miezi sita, hakuna haya ya kupatana. Sharti asiransi iambiwe kwanza, kwa maandishi. Na karatasi ya kupatana iseme mambo matatu ambayo watu wanasahau: kama feza inatolewa bila kukubali kosa, kama inamaliza madai yote ya ajali ile, ya motari, ya abiria yeyote na ya mwenye moto, na kama mwenye kuipokea ameonyesha karte yake. Moto nyingi si za wale wenye kuziendesha. Ukimlipa motari, mwenye moto anaweza kuja kesho na fakture yake, na kwa upande wake haitakuwa hata uongo.

Hapo kuna jambo ambalo wenye magari hawapendi kusikia. Kwa motari aliyevunjika muguu kweli ku barabara ya Komanda–Bunia, asiransi ile ile ndiyo inanyamaza. Yeye naye anaambiwa alete PV, yeye naye anaambiwa mukubwa amesafiri, na wakati huo familia inauza mbuzi ili kununua dawa. Wengine wanaanza kuongeza fakture juu wanajua watapewa nusu tu. Kati ya udanganyifu wa mwenye kutunga abiria na kuongeza kwa mwenye njaa kuna umbali mukubwa, na juje anapaswa kuupima. Lakini zote mbili zinakulia ndani ya kimya kimoja. Kampuni ikituma mutu wa kuangalia gari na mugonjwa katika siku tatu, hakungekuwa na nafasi kubwa kwa wa kwanza, wala sababu kwa wa pili.

Inabaki shofere. Magari mengi ya biashara yanaendeshwa kwa versema: shofere analeta feza fulani kila jioni, kinachobaki ni chake. Siku ya ajali, faida yake na faida ya mwenye gari haziko moja. Kode sivile, ku kifungu 260, inamfanya bosi ajibu kwa hasara ya mutumishi wake ndani ya kazi, na shofere anajua hivyo hata kama hajasoma kifungu. Kwa hiyo kuna mwenye kusaini kila kitu anachowekewa mbele, ili apewe ufunguo aendelee na kazi. Kuna hata mwenye kupatana na motari mbele ya kumwita bosi, na kugawana kile bosi atatoa.

Mwenye gari akifika, anakuta angajema imeshasainiwa. Swali la kwanza la avoka litakuwa kama shofere alikuwa na ruhusa ya kusaini kwa jina la bosi. Kama hakukuwa, ahadi ile ya kulipa inaweza kupingwa. Kosa la kuendesha, kama lilikuwa, bado litamfikia bosi kupitia kifungu 260. Lakini litahukumiwa kwa PV, foto na alama za chuma, na mwenye kudai atapaswa kuanza upya kulionyesha. Ndiyo maana mabosi kadhaa sasa wanaweka ndani ya gari, pamoja na karte roze na sertifika, karatasi moja ya mistari mitatu yenye sahihi ya shofere: siku ya ajali usisaini kitu cha kulipa, piga foto, niite.